Ngata ya Babu

Babu yangu alifunga kipande cha blanketi juu ya siti ya baiskeli yake kwa mpira wa tyubu, akakiita ngata. Nikiwa mtoto hapa Sikonge nilimcheka, maana ngata niliyoijua ilikaa kichwani mwa mama, chini ya ndoo ya maji.

"Mjukuu wangu," alinijibu, "mzigo ni mzigo. Tofauti ni nani kamkalia mwenzake."

Sasa ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi, na maneno yale yamenirudia. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi kutoka Tabora hadi pwani, safari ya miezi mitatu hivi. Wasafiri wa Kizungu walihesabu pembe, wakapima nguo na shanga, wakaandika malalamiko yao kuhusu wapagazi waliotoroka. Kuhusu bega lenyewe nimepata mistari michache tu. Msimamizi wangu ameuliza swali la haki: ushahidi wa maumivu uko wapi?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara mikubwa ya miguu ikaisha. Lakini reli haikupita Sikonge. Asali, nta na tumbaku viliendelea kutoka porini kwa nguvu za watu, na baadaye baiskeli ikachukua sehemu ya kazi ya bega. Nayo ina historia yake ya maumivu. Baiskeli za Ulaya za miaka ya 1860, zenye magurudumu ya mbao na chuma, zilipewa jina la kitikisa mifupa. Mwishoni mwa miaka ya 1880, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Baba alitaka mtoto asitikisike.

Mwezi uliopita niliendesha baiskeli ya babu hadi Tabora, kama kilomita 70. Kabla sijafika nusu, magoti yaliuma na vidole viliingia ganzi. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliniangalia nikikanyaga pedeli, akatikisa kichwa. Siti ilikuwa chini mno. Aliipandisha mpaka goti langu likabaki limekunjika kidogo tu pedeli ikiwa chini. Akaniambia nisilalie mikono, na nikifika penye mashimo niinuke. Nilipotaka sponji nene juu ya siti alikataa: ukizama, utachubuka zaidi. Blanketi jembamba la babu alilisifu.

Uzeeni babu alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kwa sababu vidole vya kushoto havikuhisi kitu. Miaka yote ya kubeba asali sikumsikia akisema inauma. Lakini kila msimu alibadilisha blanketi, akilikunja upya na kulikaza.

Nimelipiga picha. Litaingia sura ya tatu, pamoja na bega la mpagazi.