Mgomba wa Honduras ulivyopiga hodi Bukoba

Tangu mwaka 2021, aina nne za migomba zilipoidhinishwa kwa jina la TARIBAN, kuna watu wanaozizungumzia kana kwamba vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya Bukoba na Muleba mkoani Kagera havijawahi kupokea mgeni. Vilipokea, na mgeni mwenyewe alizua ugomvi jikoni.

Miaka ya 1990 vibanja vilikuwa taabani. Fukusi walitoboa matunguu, minyoo ikala mizizi, sigatoka nyeusi ikakausha majani. Mnyauko wa Panama nao ukamaliza ndizi za pombe na za kuiva. Upepo kidogo tu, mgomba chali pamoja na mkungu wake mchanga.

Mwaka 1997 ukaja mradi wa maendeleo ya jamii Kagera, KCDP, wa serikali za Ubelgiji na Tanzania. Miche ya tishu, takriban 70,000, ilitoka Chuo Kikuu cha Leuven, kwenye hazina ya migomba iliyoanzishwa mwaka 1985 na ambayo leo ina aina zaidi ya 1,500. Lakini Leuven walikuwa walezi tu. Aina kadhaa zilizotamba zilizaliwa Honduras, mjini La Lima, kwa mikono ya mtafiti Phil Rowe na wenzake wa taasisi ya FHIA. (Kifupisho hicho, ukikisoma Kiswahili, ni “fia”, jina baya kwa mmea uliokuja kuokoa.) Kazi yao haina fahari yoyote: unapaka chavua ua kwa ua, unasubiri miezi, kisha unaponda ndizi mbivu kwa maelfu na kuzichuja ukitafuta mbegu chache, kwa kuwa ndizi ya kula karibu haina mbegu. Mama wa FHIA-17 na FHIA-23 ni Highgate, mgomba mfupi wa ukoo wa Gros Michel, uliotokea Jamaica. Gros Michel ndiyo iliyofagiliwa na mnyauko wa Panama kule Amerika ya Kati. Mabinti wakaustahimili ugonjwa uliomaliza ukoo wa mama yao.

Ripoti za mradi hujivunia hesabu: kufikia mwaka 2002 machipukizi yaliyosambazwa yalikuwa kama milioni 2.5. Nami nakubaliana nazo kwa hilo, ila hesabu hiyo ni ya machipukizi. Sahani hakuna aliyezihesabu.

Nyumbani kwetu mkungu wa kwanza ulihitaji watu wawili kuubeba. Wanaume walishangilia, bibi akamenya kimya. Ndizi zikaiva na maharage, sufuria ikafunuliwa: weupe-weupe, hakuna ule umanjano wa enshakala, ndizi yetu ya asili ya kupika. Zilipopoa zikakakamaa. Babu akasema chakula ni kushiba. Bibi akamjibu kwamba mgeni hatengewi kitu cha namna hiyo, na kama babu anautaka ukubwa, basi ale mkungu wenyewe. Siku tatu hawakusemeshana vizuri. Mzozo wa aina hiyo uliingia nyumba nyingi, na watafiti waliokuja kuuliza wakulima waliusikia: mavuno wanayasifu, ladha ya ndizi za kupika hawaitaki. Wengi wakazipeleka aina hizo kwenye lubisi, pombe ya ndizi, sokoni, au wakaziacha ziive.

Nadhani ugomvi huo ulikuwa na haki yake. Wazalishaji wa mbegu wa Uganda, wa taasisi za utafiti za NARO na IITA, walikuwa tayari wameanza upande wa jiko: mama awe mgomba wa matoke wenyewe, ukinzani utoke kwa Calcutta 4, ndizi mwitu yenye mbegu tele. Ndiko zilikotoka NARITA, zikajaribiwa kwenye kituo cha utafiti cha Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, na baadhi yake zikawa TARIBAN. Katikati hapo, mwaka 2006, mnyauko wa bakteria uliingia Muleba na kuua migomba bila kubagua mgeni na mwenyeji.

Maruku inastahili kutajwa shuleni kama inavyotajwa kahawa. Watoto wa Kagera wanamjua Mjerumani aliyejenga boma, hawamjui aliyepaka chavua.

Kwa bibi, enshakala bado zimesimama karibu na mlango wa jikoni. FHIA ziko nyuma, kuelekea rweya, uwanda wa nyasi, zimeegemezwa miti kwa uzito wa mikungu, na ndizo zilizolipa ada yangu ya sekondari.