Matundu ya Padi

Mwaka 1978 kampuni ya Atari, kule California, ilitoa mashine ya gemu iitwayo Fire Truck. Lilikuwa kabati kubwa la kuchezewa na watu wawili. Wa mbele aliketi, akashika usukani na kukanyaga mafuta na breki. Wa pili alisimama nyuma ya kiti chake akiwa na usukani mwingine, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuliongoza tela. Magari ya zimamoto ya namna hiyo yapo kweli katika miji ya Marekani; ngazi zake ni ndefu mno, hivyo huwekwa dereva wa pili mkiani ili gari liweze kukata kona. Howard Delman wa Atari aliichukua kazi hiyo ya watu wawili akaiingiza kwenye skrini moja, isiyo na rangi, inayoonyesha mitaa kutoka juu. Wa mbele akikata kona bila kumwambia mwenzake, tela linaparamia nyumba za watu. Wa nyuma akizubaa, wamegonga wote wawili. Hapakuwa na namna ya kuicheza vizuri mkiwa kimya.

Nimeanzia hapo makusudi. Pong ya 1972, iliyoifanya Atari ijulikane, iliwasimamisha watu wawili wapigane. Fire Truck ni miongoni mwa gemu za mwanzo kabisa kuwaambia wachezaji kwamba aliye kando yako si mpinzani wako. Na lile ninalolipenda kuliko yote katika gemu za kushirikiana, zile kelele za "vuta! vuta! siyo huko!", lilikuwamo tayari ndani ya kabati lile.

Mimi ni fundi. Natengeneza mashine za gemu na padi zake, Dar es Salaam, na kabla sijaifungua mashine huwa naitazama usoni: ina matundu mangapi ya kuchomekea padi? Kwa jicho langu, historia ya marafiki waliobanana mbele ya televisheni moja imeandikwa pale. Aliyeunda mashine alishaamua, hata kabla gemu hazijatengenezwa, watakaa watu wangapi.

Mwaka 1985 Ed Logg, ambaye alikuwa ameshashiriki kuunda Asteroids na Centipede, alitoa Gauntlet. Kabati moja, sehemu nne za kuchezea: shujaa wa shoka, mwanamke mpiganaji, mchawi na mpiga mishale. Mnaingia handaki moja, mizimu inawajia kwa makundi, na chakula kimewekwa hapa na pale sakafuni. Logg aliweka humo jambo ambalo hadi leo naliheshimu: chakula kinaweza kuharibiwa kwa risasi ya mwenzenu. Mashine yenyewe ilikuwa ikitamka kwa sauti, ikimtaja aliyekipiga, na ukumbi mzima unasikia. Mnategemeana, mnagombana, mnaendelea.

Biashara yake ilikuwa imepangwa kwa akili vilevile. Nguvu ya kila mchezaji ilipungua sekunde kwa sekunde hata asipoguswa na adui, na sarafu mpya ndiyo iliyoiongeza. Watu wanne walilisha kabati moja kwa wakati mmoja, na yeyote aliweza kujiunga katikati ya mchezo. Mwenye ukumbi alipata zaidi pale marafiki walipokaa pamoja kwa muda mrefu. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia nikifika kwenye vibanda vyetu.

Majumbani, mambo yaliamuliwa na Nintendo. Famicom yao ya 1983, iliyouzwa Japani, ilikuja na padi mbili zilizofungwa moja kwa moja kwenye mashine; nyaya zake hazikuchomolewa. Ukinunua mashine umenunua na nafasi ya mtu wa pili, utake usitake. Sidhani kama kuna uamuzi mwingine wa kiwandani uliowakutanisha watoto wengi kuliko huo. Mashine za kuigiza zilizotufikia Afrika Mashariki miaka ya tisini, zile tulizoziita TV game, zilirithi utaratibu uleule: kimashine chepesi cha plastiki, kaseti moja ya njano iliyojigamba kuwa na gemu mamia kwa mamia huku ndani zikijirudia zilezile, na padi mbili.

Kwetu Tanga mashine hiyo ililetwa na mjomba kutoka Dubai. Kochi lilikuwa la wageni na lilivikwa vitambaa vya kufuma, kwa hiyo sisi tulikaa mkekani, binamu kwa binamu, televisheni ikiwa juu ya kabati nasi tumeinua shingo. Na kati ya gemu zote za kaseti ile, iliyotukusanya ilikuwa Contra.

Konami waliitoa Contra kwenye kumbi za Japani mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaja ya majumbani. Askari wawili wanakimbia msituni na wanapigwa kutoka kila upande. Kila mmoja ana roho tatu tu, na risasi moja inatosha kukuondolea roho. Ugumu huo ndio uliotufanya tuzungumze. Hatua ya tatu ni ya maporomoko ya maji, na hapo skrini inapanda juu badala ya kwenda kulia. Aliye mbele akiruka jiwe la juu, skrini inamfuata, na jiwe alilosimama mwenzake chini linatoweka. Yule wa chini anakufa bila kuguswa na adui yeyote. Ameuawa na haraka ya ndugu yake. "Nisubiri kaka, nisubiri!" ndilo neno lililosikika zaidi sebuleni kwetu likizo zile, na shangazi jikoni alijua kwa sauti hiyo tu kwamba tumefika maporomokoni.

Ilikuwapo pia huruma ndani ya kanuni zake. Ukiishiwa roho kabisa, ungeweza kubonyeza kitufe ukachukua moja ya mwenzako na kurudi mchezoni. Mashine haikumwomba ruhusa. Sebuleni kwetu ilikuwa lazima uombe kwanza, na aliyechukua bila kuomba alinyang'anywa padi na kupelekwa nyuma ya foleni. Hiyo ilikuwa sheria yetu, haikuwamo kwenye kaseti, na nimekutana na watu wazima wa Mombasa na Morogoro waliokuwa na sheria hiyohiyo. Kulikuwa na njia nyingine, ya kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ukapata roho thelathini. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, alipokuwa akiandaa gemu nyingine, Gradius ya 1986, akaiona ngumu mno kwake kuijaribu mpaka mwisho. Hashimoto alifariki Februari 2020. Watoto wasiohesabika walivuka maporomoko yale pamoja kwa sababu yake.

Aliyelielewa jambo hili kwa undani zaidi, nionavyo mimi, ni Fukio Mitsuji wa kampuni ya Taito. Bubble Bobble yake ya 1986, ya vijoka viwili vinavyopuliza mapovu, aliiunda akiwafikiria wapenzi wanaoingia ukumbini pamoja. Ukimaliza hatua zote 100 peke yako, gemu inakwambia urudi na rafiki. Mwisho wa kweli hawauoni ila wawili.

Mwaka 1996 Nintendo 64 ilikuja na matundu manne usoni. Sony hawakufuata. PlayStation ya kwanza na ya pili zilibaki na mawili, na aliyetaka zaidi alinunua kifaa cha kuongezea. PlayStation ndiyo iliyoingia kwa wingi mitaani kwetu, na pamoja nayo vikaja vibanda: chumba kimoja, mabenchi, televisheni kadhaa, malipo kwa mechi. Hapo ndipo hesabu ya Gauntlet ilipogeuka kichwa chini. Kibanda kinapata fedha mechi inapokwisha na mtu kufungwa. Gemu ya mpira ya dakika chache inalipa. Gemu ya kushirikiana, ambayo wawili wanaweza kuing'ang'ania saa nzima bila yeyote kushindwa, inamtia hasara mwenye benchi. Vijana wa mtaani hawakuwa na chuki na kushirikiana. Bei ndiyo iliyowachagulia mchezo, na kizazi kizima kilikua kikidhani gemu ni kufungana tu. Nalisema hili kwa uchungu, maana vibanda hivyo ndivyo vilivyonifundisha kazi.

Kisha likaja jambo ambalo kifundi lilipaswa kuwa neema. Xbox 360 ya 2005 na PlayStation 3 ya 2006 zilileta padi zisizo na waya. Tundu halikuwa tena kikomo. PlayStation 3 ilipokea padi hadi saba. Lakini milango ilipofunguliwa kwenye mashine, gemu zenyewe zikaanza kuifunga. Huduma ya Xbox Live, iliyoanza Novemba 2002, ilikuwa imeonyesha kwamba marafiki wanaweza kucheza kila mtu kwao. Kila mtu kwao maana yake kila mtu mashine yake, nakala yake na ada yake. Zaidi ya hapo, kuigawa skrini kunailazimu mashine kuichora dunia ya gemu mara mbili kwa wakati mmoja, na picha zilikuwa zinazidi kuwa nzito. Gemu ya Halo ya 2001 iliwaruhusu wawili kuimaliza hadithi yake kwenye televisheni moja. Halo 5 ya 2015 ilikiondoa kipengele hicho. Watengenezaji waliahidi kukirudisha, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba kwa Halo Infinite wameachana nacho.

Nintendo pekee, kati ya wakubwa, hawakuyumba. Mwaka 2009 waliwaweka watu wanne kwenye skrini moja katika New Super Mario Bros. Wii, wakaruhusu mtu ambebe mwenzake na kumrusha, iwe ng'ambo ya shimo au ndani yake.

Waliouleta tena mchezo wa kushirikiana kwenye skrini moja midomoni mwa watu walikuwa wawili tu. Phil Duncan na Oli De-Vine, wa Cambridge, Uingereza, walianzisha kampuni ndogo ya Ghost Town Games, na Agosti 2016 wakatoa Overcooked. Kazi ni upishi. Supu ya vitunguu inataka vitunguu vitatu: vikatwe, vitiwe sufuriani, viive, vipakuliwe kwenye sahani safi, vipelekwe dirishani. Kila hatua mtoto anaiweza. Ugumu uko kwenye mpangilio wa jiko. Kuna jiko lililo juu ya malori mawili yanayokwenda sambamba, na yakitengana, mwenye kisu yuko huku na sufuria iko kule. Kuna jiko la meli ambamo meza zinateleza kwa mawimbi. Kuna la barafu, na kuna lenye panya wanaoiba viungo. Sufuria ikisahauliwa inawaka moto, na moto unaruka meza hadi meza huku wanne wote wakiuliza kizimamoto kiko wapi.

Yeyote aliyewahi kusimama kwenye jiko la shughuli, usiku wa kuamkia harusi, sufuria za pilau zikiwa motoni na kila mtu akimwagiza mwenzake, ameshacheza Overcooked. Mmoja lazima aoshe vyombo. Hakuna anayetaka kuosha vyombo. Asipopatikana, sahani zinakwisha na kazi nzuri ya wengine watatu inasimama. Duncan na De-Vine walijua kwamba vurugu ya kweli haihitaji adui mkali. Inatosha njia iwe nyembamba na watu wawe wanne. Hata supu ile isingekuwa na maana kama kila mpishi angekuwa na skrini yake, kwa kuwa raha yote iko katika kumwona mwenzako akiteleza na kitunguu mkononi kabla yeye mwenyewe hajajua. Mwaka 2017 gemu hiyo ilipata tuzo mbili za BAFTA, ya gemu bora ya Uingereza na ya gemu bora ya familia.

Wengine walifuata, na sitawataja wote. Josef Fares, mzaliwa wa Beirut aliyehamia Sweden akiwa mtoto na kuanza kama mwongozaji wa filamu, alitoa It Takes Two mwaka 2021. Haichezeki na mtu mmoja kwa namna yoyote. Mmoja akiinunua, rafiki anaicheza naye bure hata akiwa mbali. Desemba ya mwaka huo ilitangazwa kuwa gemu ya mwaka katika tuzo za The Game Awards.

Wazazi huniletea mashine za watoto wao, nyingi zikiwa na padi moja au mbili tu, kwa kuwa padi ni ghali. Wakiniuliza waweke gemu gani, nawaonyesha kipengele kimoja ambacho Ghost Town Games walikiweka ndani ya Overcooked tangu mwanzo: padi moja inaweza kugawanywa kwa wapishi wawili. Mmoja anashika upande wa kushoto, anatembea kwa kijiti cha kushoto na kukata kwa vitufe vya bega lake. Mwenzake anafanya hivyohivyo kulia. Kwa padi mbili mnaingia jikoni wanne.