Nani Aliyeleta Kipindupindu?

Kuna maneno ambayo karibu kila mmoja wetu ameshayasikia, kwenye foleni ya maji, sokoni, hata shuleni: "Ninyi wakimbizi ndio mnatuletea magonjwa." Mmoja anayasema kwa hasira, mwingine kwa utani. Sisi huwa tunanyamaza tu, maana hatuna jibu. Safari hii tukasema hapana, tutafute jibu. Tukachagua ugonjwa mmoja, kipindupindu, ambacho wengi wetu tuliotoka Kongo tunakiita kolera, tukafuata historia yake katika nchi zetu hizi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar. Alikuwepo pale daktari mmoja kutoka Scotland, James Christie. Wengi walidhani ugonjwa umekuja na meli kutoka India. Christie akawauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, akagundua kwamba umetembea kwa miguu: ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita bara katika nchi ya Wamasai, ukashuka pwani, ndipo ukavuka hadi kisiwani. Kutoka Zanzibar ukasambaa na majahazi kando ya pwani, na ukaingia tena bara na misafara ya pembe za ndovu na watumwa hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Christie aliandika yote hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876.

Sasa angalieni vizuri. Nani aliyeusafirisha? Wafanyabiashara, wapagazi, mabaharia, na watu waliofungwa minyororo. Wakati huo hakukuwa na kambi hata moja. Ugonjwa ulifuata njia za biashara kwa sababu ndizo njia ambazo watu walipita kwa wingi, wakinywa kwenye visima vilevile na kulala kwenye vituo vilevile.

Baadaye kipindupindu kilipotea kwetu kwa miaka mingi. Wimbi jipya lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na kabla ya miaka hiyo ya 1970 kwisha lilikuwa limeshafika mashariki mwa Kongo, wakati huo Zaire. Tangu hapo halijaondoka kabisa. Miji ya kando ya Ziwa Tanganyika kama Kalemie na Uvira imezoea kuugua tena na tena. Bakteria wa kipindupindu wanaweza kuishi majini. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa vyoo unaoshwa hadi mtoni na ziwani, na watu wasio na bomba wanakwenda kuchota palepale. Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoanza, Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000. Na mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukabomoa nyumba na kuharibu hata mfumo wa maji safi wa mji. Mafuriko hayana pasipoti, jamani, lakini yanaweza kuharibu maji ya mji mzima kwa usiku mmoja.

Hapo tunafika Goma, 1994. Katikati ya mwezi wa saba, kwa siku chache tu, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda. Walikaa kwenye miamba ya volkano. Ardhi ile ni ngumu kama chuma: choo hakichimbiki, na kaburi pia halichimbiki. Kambi nyingine, kama Kibumba, hazikuwa na chanzo cha maji kabisa. Wengine walichota Ziwa Kivu bila kuchemsha, maana kuni zenyewe zilikuwa shida. Tarehe 20 Julai kipindupindu kikathibitishwa. Katika wiki ya kwanza, maji safi yaliyogawiwa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kama kikombe kimoja tu cha chai. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Tukumbuke kwamba kolera ilikuwa inajulikana Kivu kabla ya hapo. Waliovuka walikuta ugonjwa uliokuwa na makao tayari, wakakuta na mahali ambapo hakuna maji wala choo. Mbegu ilikuwepo, na shamba likawa limelimwa.

Wengi wetu wenye asili ya Burundi tunaijua Kagunga kwa masimulizi ya nyumbani. Ni kijiji cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka. Nyuma ni milima, mbele ni maji. Baada ya machafuko ya Aprili 2015, makumi ya maelfu ya watu walijazana pale kwenye kaufukwe kadogo. Kutoka ilikuwa ni kupanda mlima kwa miguu, au kusubiri boti na ile meli ya zamani, MV Liemba, ambayo Wajerumani waliileta kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza na ambayo ilikuwa inabeba watu wapatao 600 tu kwa safari. Kwa hiyo watu walisubiri. Waliosubiri walikunywa maji ya ziwa, na vyoo vilikuwa haba mno. Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wapatao 3,000, na waliofariki 31. Kati ya hao 31, wawili walikuwa Watanzania wenyeji. Tunawataja makusudi: maji mabaya hayakubagua mwenyeji na mgeni.

Nini kilisaidia? Watu walitolewa ufukweni, wakapelekwa Kigoma na kisha Nyarugusu. Vituo vya matibabu vikafunguliwa, maji yakatiwa dawa, na baadaye ikaja chanjo ya kunywa. Kufikia mwisho wa Mei wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana. Watu ni walewale, wakimbizi walewale. Kilichobadilika ni mahali walipokuwa na maji waliyokunywa.

Kuna habari nyingine ambayo wengi wetu hatukuijua, nayo inatupeleka India. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu. Wagonjwa walilala chini, wamejaa. Akaamua kuchanganya glukosi, chumvi na magadi kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Ndiyo ile ORS tunayopewa leo kwenye pakiti. Madaktari wengi hawakuiamini mpaka kambi ya wakimbizi ilipowaonyesha. Mama anayemnywesha mtoto ORS leo, awe Dar es Salaam au Kampala, anatumia somo lililothibitishwa na wakimbizi.

Na Goma nayo iliacha somo. Baada ya aibu ile, mashirika yalikaa chini, na mwaka 1997 ukaanza mradi wa Sphere, unaoweka viwango vya chini vya msaada: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Ninyi mnaofanya kazi na mashirika mnazijua namba hizi kwa kichwa. Tunawaomba mzione kama sisi tunavyoziona sasa: nyuma ya kila namba kuna watu waliolala kwenye miamba ya Goma. Bajeti ikipungua, lita za maji zisiwe za kwanza kukatwa.

Sasa jibu letu. Ni kweli, ugonjwa unasafiri na watu, hilo hatulikatai. Ulisafiri na misafara, na majahazi, na wavuvi, na unaweza kusafiri na sisi pia. Ndiyo maana tunanawa mikono, tunachemsha maji, na mtu akianza kuharisha kama maji hatufichi kwa kuogopa kusemwa. Tunampeleka kituoni mara moja, na njiani tunamnywesha ORS. Kama haipo, ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anayejificha kwa aibu anaweza kufa kwa siku moja.

Lakini mtu mmoja mgonjwa hageuki kuwa mlipuko peke yake. Panahitajika mafuriko, msongamano, bomba lililokauka, choo kilichojaa. Kwa hiyo siku nyingine mtu akikuambia kwenye foleni kwamba sisi ndio tumeleta kipindupindu, usigombane naye. Mwulize tu: "Ndugu yangu, wewe na mimi tumesimama hapa tangu saa ngapi kusubiri maji?" Halafu mwende pamoja kwa wahusika mkaulize bomba la pili litakuja lini.