Nairobi Ilifuliwa na Nani?

Fundi alifika Jumamosi asubuhi na spana mbili na kipima usawa. Kitu cha kwanza, alizunguka nyuma ya mashine akafungua boliti nne ndefu. Hizo hushikilia pipa lisicheze safarini. Ukizisahau, mashine itarukaruka sakafuni hadi ijivunje. Akasawazisha miguu. Akaupandisha mpira wa maji machafu hadi usawa wa kiuno, ndipo akauelekeza kwenye karo, maana ukilala chini maji hutoroka kabla nguo hazijafuliwa. Mwisho akahakikisha soketi ina waya wa ardhini, akawasha stima.

Mashine ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Maji yalikuwa yanaingia kama machozi ya mtu anayejikaza.

“Dada, shida si mashine,” fundi akaniambia. “Shida ni nyumba.”

Mashine yangu inadai shinikizo la ba 0.5, sawa na maji yaliyosimama mita 5 juu ya mfereji. Tangi letu liko juu ya paa, na mimi niko ghorofa ya mwisho. Ukipima, kimo hicho hakifiki hata mita 3. Kwa ndoo na beseni yanatosha kabisa. Aliyechora nyumba hii alijua kuna mtu atakayeinama.

Nimekuwa nikimfikiria mtu huyo tangu siku ile.

Lugha yenyewe inamjua. Kufua ni kupiga: mhunzi hufua chuma, mkwezi hufua nazi, na anayefua nguo huipigapiga hadi iachie uchafu. Lakini anayefua kwa malipo tulimwita kwa neno la Kihindi, dobi. Neno hilo ni matokeo ya biashara ya karne nyingi kati ya pwani yetu na Bara Hindi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, Wahindi wengi zaidi walikuja, wengine wakiwa vibarua, wengine wenye ufundi na biashara zao.

Nairobi hiyo, iliyopewa jina na Wamaasai kwa sababu ya maji yake baridi, iligawanya maji kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijenga kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, wakawa na bafu na mabomba ndani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kidogo cha boi, na nje yake karo la saruji. Boi huyo mara nyingi alikuwa mwanamume mzima, mwenye mke na watoto kijijini, kwa sababu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kama kibarua wa kupita tu mjini. Kuanzia miaka ya 1920 alivaa kipande shingoni. Mchana alifua shuka za watu. Na wafanyakazi wa reli waliokaa kwenye landhi za Muthurwa walishiriki mabomba na vyoo.

Miaka hiyohiyo, kule Marekani, kazi hii ilikuwa inapewa chuma. Mwaka 1908 kampuni ya Hurley ya Chicago ilitoa mashine ya stima iliyoitwa Thor. Mwaka 1937 ikaja Bendix, iliyojaza maji, kufua, kusuuza na kukamua yenyewe. Ilitikisika sana hata ikabidi ifungwe sakafuni kwa boliti. Lakini ilichukulia jambo moja kuwa la kawaida: kwamba ukifungua bomba, maji yatakuja, tena kwa nguvu.

Sisi tulijenga mabwawa. Sasumua lilikamilika 1956, Ndakaini 1994. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema kila mtu ana haki ya maji safi ya kutosha. Hata hivyo mji uliongezeka haraka kuliko mabomba, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Siku nyingine ni mitungi na mkokoteni. Uhuru ulimwondoa boi, lakini karo likabaki, na sasa anayeinama juu yake ni mwanamke. Tunamwita mama fua. Hulipwa kwa siku, bila likizo wala pensheni. Akiugua, siku hiyo ni yake na njaa yake.

Wangu alifika fundi akiwa bado anakunja nyaya. Aliitazama mashine kwa muda mrefu.

“Inafua blanketi?” akauliza.

“Ndogo tu.”

“Na kola?”

Fundi akacheka. “Kwa kola, mama, hii haifui dafu mbele yako.”

Yeye hakucheka. Ana mtoto kidato cha tatu, na nyumba yangu ni mojawapo ya nne anazofulia. Nilijua anapiga hesabu, na nilijua hesabu yenyewe. Nilikuwa nimenunua mashine kwa sababu ya mgongo wangu na muda wangu. Mgongo wake sikuwa nimeuweka kwenye bajeti.

Siku chache baadaye fundi alirudi na pampu ndogo, akaifunga kati ya tangi na mpira. Mashine ikajaa, ikazunguka. Nilikaa nikaitazama kama mtoto mbele ya runinga.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na maji. Mama fua alikuja na mitungi miwili kutoka kwa kijana wa mkokoteni, akaiweka kando ya ile mashine nyeupe, akavuta beseni.

“Hiyo ni ya siku za maji,” akasema, akainama.

Nilivuta beseni la pili. Kabla hatujaanza kusuuza, nilimwuliza swali ambalo kwa miaka mitatu sikuwahi kumwuliza: kwa wiki, angehitaji kulipwa ngapi ili asipige hesabu mlangoni kwangu?