Ushahidi wa Bakuli la Urojo

Ndugu msikilizaji, mtu asiyekijua kisiwa cha Unguja akilisikia neno Kizimbani, mawazo yake hukimbilia mahakamani, kwenye kile kizimba anachosimamishwa mshitakiwa. Mwenyeji wa hapa akilisikia, pua yake hunusa karafuu. Leo nataka tuzichukue maana zote mbili kwa pamoja. Nataka niipandishe historia yetu kizimbani, na shahidi nitakayemwita ni bakuli la urojo.

Kwanza tukumbushane habari za shamba lenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil, aliuleta mkarafuu kutoka visiwa vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa katika Bahari ya Hindi, akaupanda Mtoni na Kizimbani. Huko ulikotoka nako mkarafuu ulikuwa mgeni. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanya mipango ya kuutorosha kutoka visiwa vya Moluku, katika Indonesia ya leo, ukafika Mauritius mwaka 1770. Sayyid Said bin Sultan alipoona faida ya zao hili, aliyataifisha mashamba ya Saleh, na kwa amri yake Unguja na Pemba zikavikwa mikarafuu. Hapo Kizimbani ikajengwa hamamu, na kuta zake zingali zimesimama. Baadaye serikali ikapafanya mahali hapo kuwa kituo cha utafiti wa kilimo na chuo, na siku hizi wageni hupelekwa huko kutembezwa mashamba ya viungo.

Habari hizi zimeandikwa. Tunamjua aliyepanda, tunamjua aliyenyang'anya, na hata aliyeoga tunamjua. Ambalo halikuandikwa ni jambo moja dogo: wale waliokuwa wakizipanda ngazi kuchuma karafuu, walikuwa wakila nini?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Kizimbani wiki iliyopita. Sikwenda kwenye hamamu. Nilikwenda kwenye meza moja ya mbao kando ya barabara, ambapo mama mmoja wa makamo huuza urojo kuanzia alasiri. Ana benchi moja, sufuria mbili, jiko la mkaa, na ndoo ya maji ya kuoshea mabakuli. Pembeni pana jiko jingine la mahindi ya kuchoma. Wateja wake ni wanafunzi, madereva, vibarua wa shamba na kina mama wanaorudi na kuni. Kwa bei ya bakuli lake, hakuna mmoja wao anayehitaji kukopa.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Nikutilie pilipili?"

"Tia, lakini unionee huruma."

Alicheka, akaanza kazi. Natoa ushuhuda wa nilichokiona kikiingia bakulini. Ulimiminwa urojo wenyewe, uliokorogwa kwa unga wa ngano, ukatiwa rangi kwa manjano na ukali kwa embe mbichi na ndimu. Zikafuata mbatata za kuchemsha zilizokatwa vipande, bajia, kachori, chatne ya nazi, pilipili ya kusaga, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo zilizovunjwavunjwa. Nilikula nimesimama, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Sasa msikilizaji, tumhoji shahidi. Embe na manjano asili yake ni pande za Bara Hindi, na bajia na kachori ni mapishi ya huko huko. Nazi ni ya pwani yetu tangu enzi za majahazi. Lakini mbatata asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Muhogo asili yake ni pande za Brazil. Pilipili ile iliyonitoa machozi ni ya Amerika pia, na Mexico ni mojawapo ya mahali ilipofugwa na wakulima maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Kwa hiyo katika bakuli moja la Kizimbani mna bahari mbili, na sehemu kubwa ya shibe yake ilitoka upande wa pili wa dunia.

Mahindi yaliyokuwa yakichomwa pembeni nayo yana mambo yake. Jina lenyewe latuambia kwamba yametoka Hindi. Jina halisemi kweli. Mahindi yalizaliwa kusini mwa Mexico, ambako yapata miaka 9,000 iliyopita wakulima waliligeuza jani moja la mwitu liitwalo teosinte, kizazi baada ya kizazi, mpaka likatoa gunzi. Wazee wetu waliyaita mahindi kwa sababu waliyaona yakishuka kutoka katika vyombo vya kigeni, na kigeni cha siku zile kilikuwa na harufu ya Hindi. Hawako peke yao, kwani Waitaliano waliyaita nafaka ya Kituruki. Vivyo hivyo pilipili yetu ya zamani tukaiita pilipili manga, yaani ya Uarabuni, ingawa ilitoka India. Majina hutuonyesha mlango ambao kitu kilipitia, si nyumba kilikozaliwa.

Mlango wa mahindi na muhogo ulikuwa Wareno. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na tangu mwanzo wa karne ya 16 Unguja ikawa ikitozwa kodi na Wareno, mpaka Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 na utawala wao wa kaskazini ukaanguka. Karibu karne mbili hizo zimetuachia magofu machache na maneno kadhaa mdomoni: leso, pera, gereza, na meza. Naam, hata ile meza ya yule mama jina lake ni la Kireno.

Nimetaja Mexico kwa makusudi. Huko nako kila mji una meza za namna hii, za chakula rahisi kinachoitwa taco: mkate mwembamba wa mahindi, mfano wa chapati ndogo, unaokunjwa ukiwa na nyama, kitunguu na pilipili ya kusaga ndani yake, ukakamuliwa ndimu, mtu akala amesimama. Mahindi ya kuchoma nayo huko hupakwa pilipili na ndimu, kama tunavyofanya sisi. Ndimu ni mti wa Asia uliopelekwa kwao na Wahispania. Basi wao walitupa hindi na pilipili, na Asia ikawapa wao ndimu, na watu wawili wasiojuana, mmoja Kizimbani na mmoja Mexico, wakafikia kitoweleo kimoja.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikusafiri, nacho ndicho kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Mama wa Mexico hasagi hindi lake likiwa kavu. Kwanza hulichemsha kwa maji ya chokaa, akalilaza usiku kucha, akaliosha, ndipo akalisaga. Kwa karne nyingi wageni waliona hiyo ni desturi tu. Sayansi ya karne ya 20 ndiyo iliyoonyesha kwamba chokaa huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo imefungwa ndani ya punje. Mtu anayeishi kwa mahindi matupu bila chokaa na bila kitoweo cha maana hupatwa na pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho hufa. Ugonjwa huo uliwaandama wakulima maskini wa Italia, kisha maskini wa kusini mwa Marekani. Karibu nasi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi waliugua pelagra, baada ya mgao wao wa karanga kukatika na kubakia mahindi.

Kwa nini chokaa haikusafiri? Kwa sababu waliobeba mbegu walikuwa mabaharia, wanajeshi na wafanyabiashara, na ujuzi ulikuwa jikoni kwa wanawake. Hakuna aliyewauliza. Mbegu huweza kusafiri mfukoni mwa yeyote, lakini maarifa husafiri kwa mdomo wa anayeulizwa.

Muhogo nao una somo lake, na hili twalijua vizuri zaidi. Muhogo mchungu una sumu. Wazee wetu walijifunza kuumenya, kuuroweka, kuuanika ukawa makopa, kisha kuutwanga ndipo upikwe bada. Kazi ile inaonekana ya kuchosha, na kijana wa leo anaweza kudhani ni ushamba. Lakini mwaka 1981, kaskazini mwa Msumbiji, ukame na njaa viliwafanya watu waufupishe utaratibu huo. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Siku mbili tatu za kuanika zilikuwa ndizo tofauti kati ya kutembea na kutambaa.

Nilimwuliza yule mama nani alimfundisha kazi yake. Aliniambia ni bibi yake, ambaye aliishi kwa muhogo miaka mingi kuliko kwa wali. Basi hapo nikarudi kwenye swali langu la wachumaji. Katika mashamba ya karafuu ya karne ya 19, watumwa waliachiwa kwa desturi siku mbili za wiki, Alhamisi na Ijumaa, walime vikonde vyao wenyewe. Humo walipanda muhogo zaidi ya kingine, kwa sababu haumtaki mkulima kila siku, na hukaa ardhini ukimngoja. Huku mikarafuu ikizidi kuienea ardhi nzuri, kisiwa kilichokuwa kikiuza nafaka nje kikageuka kununua mchele kutoka ng'ambo. Tukawa matajiri wa kitu kisicholiwa sahani nzima.

Hesabu ya jambo hilo imetujia mara nyingi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ukubwa wa zao ukahamia Pemba. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, iliyokuwa ikituletea mchele. Chakula kikagawiwa kwa kadi, na kadi zile ziliwatenganisha watu kwa asili zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uingizaji wa vyakula ulipobanwa kwa nia ya kujitegemea, mchele, unga na sukari vikawa vya foleni. Katika kila shida hizo, kilichowavusha watu ni muhogo, ndizi na viazi, na kichwani mwa akina bibi ndimo ulimokuwa utaratibu wa kuvila kwa salama. Karafuu zilijaza hazina, lakini muhogo ndio uliojaza matumbo. Hazina ina vitabu vyake vya hesabu. Tumbo halina.

Labda mtu atasema watu wadogo hawaandikwi, ndivyo dunia ilivyo. Nitamjibu kwa mfano ulioko hapo hapo Kizimbani. Mgeni akitembezwa shambani huonyeshwa mvanila, mmea mwingine wa Mexico. Nje ya kwao vanila ilikuwa haizai kwa kukosa mdudu wa kuichavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kilichokuwa kikiitwa Bourbon, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Namna hiyo hiyo ndiyo hutumika mpaka leo. Alikuwapo mtaalamu wa mimea aliyetaka kujitwalia sifa ile. Lakini bwana wa yule kijana aliandika kumshuhudia, na kwa ushahidi huo tunalijua jina la Edmond Albius. Alipata uhuru wake mwaka 1848 na akafa maskini mwaka 1880, ilhali kisiwa chake kimetajirika kwa kidole chake. Umaskini haukuondoka, lakini angalau jina limebaki. Lilibaki kwa kuwa mtu mmoja alishika kalamu.

Ndugu msikilizaji, nani wa kwanza aliyekoroga unga, embe na manjano akatia mbatata na muhogo, akatuachia urojo? Jina lake halimo kitabuni. Hilo limetupita. Ambayo hayajatupita ni yaliyomo katika vichwa vya walio hai. Chuo kipo Kizimbani, na wanafunzi wake hupita mbele ya meza ile kila siku mchana wakiwa na daftari kwapani. Walimu wakiwatuma kuandika jinsi bibi zao walivyoanika makopa, siku ngapi, kwa dalili gani muhogo mchungu hujulikana umeiva kuliwa, itakuwa kazi ya muhula mmoja isiyohitaji mfadhili. Na wewe usiye mwanafunzi, bibi yako yuko barazani. Mwulize jioni hii, kabla hajalala, na uandike anavyosema.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.