Pesa za mteja na mawakili wa Sweden

  Wengi mmeniuliza kama mawakili wa huku nao hula pesa za wateja. Wapo! Tofauti ni vile walivyofungwa kamba.

Chama chao, Advokatsamfundet, kilianzishwa mwaka 1887, na kilikuwa cha hiari tu. Mtu yeyote aliweza kujiita advokat, akashika mali ya mjane au mayatima, na kama si mwanachama, chama hakina la kumfanya. Hali ilikwenda hivyo miaka sitini! Sheria mpya ya mahakama, iliyopitishwa 1942 na kuanza kazi 1948, ndiyo iliyogeuza mambo: jina la advokat likawa la wanachama peke yao. Ukifukuzwa chamani, jina limekwenda, na ukilitumia bila haki wapigwa faini. (Ajabu ni kwamba ushauri wa sheria mtu yeyote aweza kuutoa hapa. Kwa hiyo mkija, ulizeni kwanza kama ni advokat kweli.)

Sheria hiyohiyo yataka pesa za mteja zikae mbali na za wakili, na kila mwaka mkaguzi wa hesabu hutoa cheti. Akizichanganya, hupelekwa mbele ya baraza la nidhamu la watu 11, watatu kati yao wateuliwa wa serikali. Aweza kupewa onyo, pengine na faini ya kronor 1,000 hadi 50,000. Kosa likiwa zito, nje! Na chama kikimwonea huruma, Justitiekanslern, mwanasheria wa serikali, aweza kukata rufaa Mahakama ya Juu. Hapo nilipapenda, maana hata sisi wauguzi twajua tunavyoteteana.

Lakini baraza la hapa halimwamuru wakili kumlipa mteja fidia. Hiyo wadai mahakamani. Kenya hapo imewapita, kwa sababu kamati yetu ya nidhamu yaweza kuamuru mteja alipwe. Na tangu 1989 tuna tume ya serikali ya kupokea malalamiko juu ya mawakili.

Sasa, wale mnaokaa na shangazi: yule wakili ameikalia fidia yake ya ajali ya matatu muda wa kutosha. Ombeni kampuni ya bima barua yenye tarehe ya malipo na kiasi, mwandikie tume pamoja naye. Pesa ya nauli na kopi naituma Ijumaa.