SELEMANI: JINA LA MFALME KATIKA VITABU VYETU VYA UBATIZO



Anayefungua vitabu vya ubatizo katika nchi yetu hukutana na jina la Selemani. Limeandikwa namna nyingi: Selemani, Sulemani, Suleimani, Salomoni, hata katika jamaa moja baba huandikwa hivi na mtoto vile. Wako wanaodhani ni jina la Waislamu tu, na wako wazazi waliolificha siku ya ubatizo kwa kuogopa kuulizwa wametoka wapi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza asili yake.

Shina lake ni la Kiebrania: Shelomo, mwana wa Daudi, na ndani yake mnasikika shalom, ndiyo amani. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22, chaeleza kwamba Mungu mwenyewe alilichagua jina hilo, kwani Daudi alikuwa amemwaga damu nyingi, na siku za mwanawe zilipaswa kuwa za utulivu. Walatini wakamwita Salomon. Waarabu wakamwita Sulayman, nao Waislamu wanamheshimu kama nabii. Watu wa pwani wakasema Sulemani. Huku bara likawa Selemani. (Salumu, jina lingine linalosikika sana Kisangani, si jina hilohilo, lakini Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, na shina la majina hayo mawili ni moja.)

Jina la mfalme wa Yerusalemu lilifikaje hapa Lomami inapoingia katika mto Kongo? Lilikuja kwa mtumbwi, na bunduki zilikuwa ndani ya mtumbwi huo. Watu wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, walishuka mto kutoka Nyangwe na Kasongo wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Stanley alipopanda mto mwaka 1883 alikuta vijiji vilivyochomwa moto upande huu wa chini ya Maporomoko. Mwaka 1887 Tippu Tip akawekwa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa jina la Mfalme Leopold wa Pili. Vita vya miaka 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala huo, lakini watu wake hawakuondoka wote. Wengi hawakuwa Waarabu hata kidogo. Walikuwa watu wa Maniema, na vijana wa mto huuhuu waliokamatwa, wakakuzwa katika nyumba za mabwana, wakapewa majina mapya. Basi twasema bila kuficha: kati ya mababu walioitwa kwa majina hayo ya Kingwana wamo waliouza watu, na wamo waliouzwa. Kwa kulisikia jina tu hakuna awezaye kuwatenganisha.

Njia ya pili ilikuwa ya misioni. Siku ya Noeli mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alifika Stanleyville na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Kwetu Isangi kazi ilishikwa baadaye na wana wa Mtakatifu Louis-Marie Grignion de Montfort. Mwaka 1951 tukawa Prefektura ya Kitume, na mwaka 1962 Diosezi. Wamisionere walileta Salomon wa Kifaransa, wala wengi hawakutambua kwamba mfalme huyo alikuwa amekwisha kuingia kijijini kwa mlango mwingine.

Zamani Selemani halikuwa jina la ukoo. Mtu aliitwa fulani bin fulani, na jina la baba liliishia kwa mtoto. Bula Matari alipoanza kuandika watu, jina la baba likawekwa nyuma ya jina la mtoto na kushikamana hapo. Tena kuna desturi ya ndoyi: mtoto hupewa jina la babu, la mjomba, hata la rafiki wa baba. Kwa hiyo jina limeenea kando kuliko kushuka, na Selemani wawili huenda wasiwe na tone moja la damu ya pamoja, hali ndugu wawili wa tumbo moja wana majina mbalimbali. Mapadri wanaochunguza udugu wa wachumba wasitegemee jina, waulize wazee.

Mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristu, mapadri walitishwa kifungo, na Kardinali Malula akapaswa kukaa Roma miezi kadhaa. Hapo yakaonekana maajabu: Salomon alifutwa kama jina la kigeni, lakini Selemani akabaki, kwa maana lilihesabiwa kuwa jina la mababu. Mfalme mmoja alifukuzwa na kukaribishwa katika karatasi ileile! Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yalirudi mbele ya watu, na leo twasikia hata Salomon Selemani, asiyejua kwamba ameitwa mara mbili.

Tunawaomba makatekista waandike jina la mtoto kama baba yake anavyoliandika, herufi kwa herufi, kwa kuwa tofauti ndogo humsumbua kijana siku ya kutafuta karatasi za shule au za ndoa. Na mzazi anayesitasita asikilize Injili ya Matayo inayosomwa kila tarehe 17 Desemba, orodha ile ndefu ya mababu wa Yesu: Daudi alimzaa Sulemani, na mama yake alikuwa mke wa Uria.